Kilometa 199 za Tanga hadi Dar, na saa zinazomezwa na safari

Ukiuliza Tanga na Dar es Salaam ni umbali gani kwa ndege, jibu la haraka ni kilometa 199. Ndiyo namba utakayoipata kwenye vikokotoo vya umbali, na si ya uongo. Ila haimfai sana mtu aliyekwisha kufunga begi. Huo ni urefu wa mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja, na mstari hauna foleni, haupiti Pemba, haujui upepo wa kusi wala mzani wa mizigo. Sisi tunaokatia watu tiketi hapa Tanga tumezoea kutaja namba tatu: umbali wa mstari, muda wa ndege tangu inapoondoka kwenye maegesho mpaka isimame upande wa pili, na muda wa safari nzima tangu ufunge mlango wa nyumbani mpaka ufike unakokwenda. Anayepanga kwa namba ya kwanza peke yake ndiye anayepiga simu kutoka Dar kueleza kwamba ndege ya Dubai imeshamwacha.

Tuanze na mstari, maana ndio rahisi. Kutoka uwanja wa Tanga hadi Pemba, ule wa Chake Chake, ni kilometa 84. Tanga hadi Unguja ni kilometa 127. Pemba hadi Unguja 125, Unguja hadi Dar 73. Ukielekea bara, Tanga hadi uwanja wa Kilimanjaro ni kilometa 288, na mstari huo unakatiza milima ya Usambara yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Mombasa iko karibu, kilometa 131, lakini hapo katikati kuna mpaka wa nchi, na mpaka hauhesabiwi kwa kilometa.

Namba hizi unaweza kuzipata mwenyewe kwa karatasi na kalamu, na ni vizuri kujua namna, kwa sababu ukishajua hutadanganywa na skrini. Digrii moja ya latitudo ina dakika 60, na kila dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani kilometa 1.852. Hizi si dakika za saa, ni za ramani. Uwanja wa Tanga upo kusini digrii 5 dakika 5.5, mashariki digrii 39 dakika 4.3. Wa Pemba upo kusini digrii 5 dakika 15.4, mashariki digrii 39 dakika 48.7. Toa latitudo kwa latitudo, unapata 9.9. Toa longitudo kwa longitudo, unapata 44.4. Longitudo hupungua upana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha 44.4 kwa kosaini ya digrii 5, ambayo ni kama 0.996, ubaki na 44.2. Sasa ni hesabu ya pembetatu ya darasani: 9.9 mara yenyewe ni 98, 44.2 mara yenyewe ni 1,954, jumla 2,052, kipeuo chake cha pili ni 45.3. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852, kilometa 84 hizo hapo.

Kwa pwani yetu njia hii inatosha kabisa, kwa kuwa tupo jirani na ikweta na masafa ni mafupi. Dunia haijapata nafasi ya kujipinda. Kwa safari ndefu haifai. Dar hadi Dubai, kwa mfano, unahitaji kanuni ya duara kubwa, ile inayofuata mviringo wa dunia, na jibu ni karibu kilometa 3,975. Hapo ndipo watu huingiza latitudo ya Dar bila alama ya kutoa. Dar ipo kusini ya ikweta na Dubai ipo kaskazini, kwa hiyo digrii za Dar lazima ziingie kama hasi. Ukisahau, kikokotoo kinaihamishia Dar upande wa pili wa ikweta na kukupa kama kilometa 2,670. Hakitakuambia umekosea. Kitakupa jibu safi lenye desimali mbili.

Kosa jingine ambalo kwa mtu wa Tanga ni la kila wiki ni Pemba. Ipo Pemba yetu, alama yake ya uwanja ni PMA, na ipo Pemba ya Msumbiji, alama yake POL. Ukiandika tu “Pemba” na ukaletewa kama kilometa 890 kutoka Tanga, jua umepelekwa Msumbiji. Kwa hiyo usitafute kwa jina la mji, tafuta kwa alama: Tanga TGT, Unguja ZNZ, Dar DAR, Kilimanjaro JRO. Alama pia inakuepusha na kile kikokotoo kinachopima kutoka katikati ya mji. Uwanja wa Tanga uko kilometa chache tu magharibi ya mji, kwa hiyo kosa ni dogo, lakini uwanja wa Kilimanjaro upo njiani kati ya Moshi na Arusha, kiasi cha kilometa 40 na kitu kutoka kila upande. Arusha nayo ina uwanja wake mwingine, ARK, ambao ndege ndogo huutumia. Mtu wa kukupokea akisubiri ARK na wewe ukashukia JRO, mtatafutana sana.

Halafu angalia kipimo. Tanga hadi Dar ni kilometa 199, au maili 124 za nchi kavu, au maili 107 za baharini. Zote tatu ni sahihi. Rubani anatumia ya tatu, na mwendo wake anautaja kwa noti, ambayo ni maili moja ya baharini kwa saa. Ukigawa kilometa kwa noti, muda unatoka karibu mara mbili ya ule wa kweli.

Sasa muda. Ndege inayoonekana sana katika njia hizi ni Cessna Caravan, ya injini moja yenye pangaboi moja mbele, inayochukua abiria kama 12. Mwendo wake wa kupangia ni noti 160, karibu kilometa 296 kwa saa. Kitabu cha ndege kitakutajia zaidi ya hapo, lakini kitabu hakikubeba mizigo ya abiria wa Tanga. Kanuni tunayoitumia ni hii: gawa maili za baharini kwa 160, zidisha kwa 60, kisha ongeza dakika 10. Hizo 10 ni za kutembea ardhini, kupanda, kupunguza mwendo na kujipanga na uwanja wa kutua. Tanga hadi Pemba inatoka dakika 27, Tanga hadi Unguja 36, Tanga hadi Dar moja kwa moja 50. Angalia Pemba: dakika 17 tu za mwendo kamili, na 10 za kuruka na kutua. Ndiyo sababu kwenye safari fupi kikokotoo hukosea zaidi kuliko kwenye ndefu. Kwa kuwa kinagawa umbali kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kitakuambia Tanga hadi Pemba ni dakika 6. Hakuna jeti inayoruka njia hiyo, na hata ingekuwepo, kabla haijamaliza kupanda ingekuwa imeshaipita Pemba.

Kwa jeti kanuni hubadilika: gawa kwa noti 450 na uongeze nusu saa. Dar hadi Dubai ni kama maili 2,146 za baharini, kwa hiyo saa 4 na dakika 46, ongeza nusu saa, saa 5 na robo. Ratiba itaandika zaidi kidogo, kwa kuwa mashirika hujiwekea nafasi ya foleni za Dubai.

Lakini neno lililofichwa katika “Tanga hadi Dar dakika 50” ni “moja kwa moja”. Mara nyingi ndege ndogo ya Tanga haiendi Dar moja kwa moja. Inazunguka visiwani, ikishusha na kupakia. Ukipitia Pemba na Unguja, vipande vyako ni 84, 125 na 73, jumla kilometa 282 badala ya 199. Umbali umeongezeka kwa chini ya nusu, na mtu anadhani muda nao utaongezeka hivyo hivyo. Hesabu: dakika 27, kisha 35, kisha 25, jumla 87, ukiongeza dakika 20 za kusimama Pemba na 20 za Unguja unafika 127. Kutoka 50 hadi 127. Kinachokula muda ni kusimama, wala si zile kilometa 83 za ziada. Kila kituo kina kuzima injini, kufungua mlango, kushusha begi la mtu aliyekaa nyuma kabisa, kusubiri abiria wawili waliokuwa bado kwenye ukaguzi, kuwasha tena. Kwa hiyo unapokata tiketi usiulize “ndege inatoka saa ngapi” tu. Uliza inapita wapi, inasimama mara ngapi, na kama utabadilisha ndege Unguja au utabaki kwenye kiti chako. Ratiba hizi hubadilika kwa msimu, na jibu la mwezi uliopita lisikutoshe.

Upepo watu wa pwani tunaujua bila kufundishwa, ila wachache huuingiza kwenye saa ya ndege. Njia ya Tanga hadi Dar inaelekea kusini karibu kabisa. Msimu wa kusi, tuseme kuanzia Mei hadi Septemba, ndege inayokwenda Dar inakutana nao usoni. Kusi ya noti 20 inaifanya ndege ya noti 160 iende 140 juu ya ardhi: mwendo wa dakika 40 unakuwa 46. Wakati wa kurudi inasukumwa, noti 180, dakika 36. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka, mambo yanageuka. Umeona pia kwamba kwenda na kurudi kwa pamoja ni dakika 82 badala ya 80? Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa kuwa ndege inakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya mzuri. Dakika 6 hazimkoseshi mtu harusi, ni kweli. Zina maana kwa rubani anayepiga hesabu ya mafuta, na kwako zina maana kama kila kituo kimeshachelewa kidogo na zimekuja juu yake.

Kinachochelewesha hasa ni mvua ya masika. Ndege hizi huruka mchana, na rubani anataka kuona. Asubuhi ya Aprili wingu likikaa chini juu ya mkondo wa Pemba, ndege husubiri ilipo, na ikisubiri Unguja, sisi wa Tanga tunaona anga yetu safi na kushangaa imekwama wapi. Ukiwa na jambo la lazima mwezi wa nne au wa tano, usichukue ndege ya mwisho ya siku. Jua huku huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndege iliyochelewa sana mchana inaweza isije kabisa.

Uzito ndio unaoleta ugomvi kaunta, kwa hiyo tuukalie kidogo. Begi ni kilo 15, tena laini. Abiria anakuja na sanduku gumu la kilo 28, anaonyesha tiketi ya Dubai iliyomruhusu kilo 30, na anaona anaonewa. Caravan ya kawaida haitakiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 3,969 kwa ujumla: ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo. Inakula kama lita 200 za mafuta kwa saa, na lita moja ya mafuta hayo ni karibu kilo 0.8. Ikibeba mafuta ya kwenda na kurudi kati ya Dar na Tanga, dakika 100, hizo ni lita 330 au zaidi, karibu kilo 265, uzito wa watu watatu wazima, na bado hujaweka akiba ambayo rubani haruhusiwi kuigusa. Ndiyo maana unapimwa na wewe mwenyewe, pamoja na mkoba wa mkononi. Joto nalo linapunguza nguvu ya injini na ya bawa, kwa hiyo ndege iliyobeba bila shida saa mbili asubuhi inaweza kuacha begi saa nane mchana. Sanduku gumu lina kasoro yake nyingine: mizigo hupangwa kwenye mfuko ulio chini ya tumbo la ndege, na mlango wake ni mdogo. Begi la kitambaa linabanwa likaingia. Sanduku lile, hata likiwa na kilo 12, linabaki nje likitazamwa.

Suluhisho wanalolitumia wafanyabiashara wa hapa ni kutanguliza mzigo kwa basi siku moja kabla, upokelewe Dar, wao wapande ndege na begi dogo. Ni busara kuliko kubishana na mzani.

Turudi kwenye safari nzima. Tuseme unakaa Raskazone na unakwenda Kariakoo. Bodaboda au bajaji hadi uwanjani, weka dakika 20. Kaunta nyingi za ndege ndogo hufungwa dakika 30 kabla ya kuruka, kwa hiyo uwepo saa nzima kabla. Ndege ya moja kwa moja, 50. Kupokea begi na kutoka, 15. Kutoka uwanja wa Dar hadi Kariakoo kwa barabara ya Nyerere, dakika 30 asubuhi ya Jumapili na saa moja na nusu jioni ya Ijumaa. Jumla ni kama saa 3 hadi 4. Ukipitia visiwani, ongeza saa moja na robo. Basi kutoka stendi ya Kange, hapa Tanga, kupitia Segera na Chalinze ni kama kilometa 350, saa 6 hivi ukiwa na bahati, na linakushusha stendi ya Mbezi Luis, ambako bado una safari ya kuingia mjini. Kwa ndege ya moja kwa moja, unaokoa nusu ya muda. Kwa ndege ya kuzunguka, ukitoka Tanga mchana na kutua Dar wakati wa foleni ya jioni, faida inabaki saa moja au mbili, na kama ni nauli unayoihesabu, kupanda basi si aibu. Ila anayekwenda Pemba ndiye anayeokoa zaidi: kutoka Tanga ni dakika 27, na njia ya kupitia Dar kwa barabara na boti ni siku nzima.

Wanaounganisha ndege ya nje Dar wana shida yao. Uwanja wa Dar una majengo matatu. Ndege ndogo hutumia jengo la kwanza, la zamani. Za kimataifa ziko jengo la tatu, lililoanza kutumika 2019. Huvuki mlango ukafika. Unatoka nje na mzigo wako na kuchukua gari. Kaunta ya safari ya kimataifa hufungwa saa moja kabla. Na kama tiketi ya Tanga na tiketi ya Dubai ni mbili tofauti, zilizokatwa mbalimbali, shirika la pili hulidai kitu wala halikujui: ukichelewa, hasara ni yako. Kwa tiketi mbili, acha saa 4 kamili kati ya kutua na kuruka, na msimu wa masika nenda Dar siku moja kabla ulale kwa ndugu.

Limebaki suala la saa, na hapo hata wasomi huanguka. Tiketi inaandika saa za mataifa, 24 kwa siku, na kila saa ni ya mji ule ule uliotajwa pembeni yake. Sisi tunatoa sita. 13:30 ni saa saba na nusu mchana, hiyo hakuna anayekosa. Shida ni 00:40. Tiketi ikiandika Jumanne 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne, yaani unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu saa tatu na nusu usiku. Mteja anasoma “Jumanne”, anatoka Tanga kwa basi la Jumanne asubuhi. Wazee wa pwani, wanaoanza siku magharibi, wakisema usiku wa Jumanne wanamaanisha huo huo wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na wajukuu wao wanamaanisha unaofuata, kwa hiyo simu kutoka nyumbani zinaongeza mkanganyiko. Tunaandika kwa kalamu juu ya tiketi: “Fika uwanjani Jumatatu, saa tatu na nusu usiku.”

Kwa Dubai kuna saa moja ya tofauti, wao wametutangulia. Tiketi ya kutoka Dar 16:45 na kufika 23:15 inaonekana ni saa sita na nusu za kuruka. Toa ile saa moja, zinabaki tano na nusu. Wakati wa kurudi utaona kinyume, tiketi itaonyesha kama saa nne na nusu tu, na kuna wanaokuja kaunta kuuliza kwa nini ndege ya kurudi ina kasi zaidi. Kati ya Tanga, Pemba, Unguja, Dar, Mombasa na Nairobi saa ni moja, hakuna cha kutoa wala kuongeza.